KURA NA KATIBA PANDE ZOTE MBILI ZA MTO SIO

Watu wa Busia na Tororo wana jambo moja ambalo wenzao wa ndani ya nchi hawanalo: ukoo mmoja waweza kuwa na wapiga kura wa katiba mbili. Wasamia na Wateso huishi pande zote mbili za mpaka. Huoana, huzikana na kuuziana mahindi na samaki, lakini siku ya uchaguzi kila mmoja hubaki upande wake. Mpaka huo haukuwekwa kwa kura yao. Mwaka 1902 serikali ya Uingereza iliuondoa uliokuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Jamaa waliolala chini ya utawala mmoja wakaamka chini ya tawala mbili.

Ukoo wa Awori ni mfano unaofahamika na wengi. W. W. W. Awori alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Kenya katika miaka ya 1950. Ndugu yake, Moody Awori, alikuwa Mbunge wa Funyula na Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003 hadi 2008. Ndugu yao mwingine, Aggrey Awori, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa Mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini upande wa Uganda, na mwaka 2001 aligombea urais wa Uganda.

Yafaa basi kuuliza: haki hii ya mtu mmoja, kura moja, ilitoka wapi, na ilifikaje mpakani?

Katika Ulaya, nchi kubwa ya mwanzo kuijaribu haki hiyo kwa ukamilifu wa namna yake ilikuwa Ufaransa. Kabla ya Februari 1848 kura ilikuwa ya matajiri waliolipa kodi kubwa, nao hawakufika hata laki tatu. Mfalme alipoondolewa, serikali ya jamhuri ilimpa kura kila mwanamume aliyetimiza miaka 21, na wapiga kura wakazidi milioni tisa. Wanawake waliachwa nje, nao walingoja mpaka mwaka 1945 ndipo walipopiga kura kwa mara ya kwanza. Mwezi Novemba 1848 katiba ya jamhuri ilipitishwa. Ilisema kwamba Rais atatawala miaka minne, wala hatachaguliwa tena papo hapo.

Aliyechaguliwa Desemba mwaka ule ni Louis-Napoléon Bonaparte. Aliapa kuilinda katiba. Muhula ulipokaribia kwisha, aliomba kifungu hicho kibadilishwe, lakini kura za Bunge hazikutosha. Tarehe 2 Desemba 1851 akatumia jeshi kulivunja Bunge. Mwaka mmoja baadaye akawa mfalme. La kuzingatia ni hili: kura hakuifuta. Wananchi waliitwa wapige kura ya kuyakubali yale yaliyokwisha kutendeka. Kumbe kura yaweza kubaki na sanduku lake, hali katiba iliyokuwa ikiipa maana imekwisha kuondolewa.

Katika Afrika Mashariki wakoloni walianza pale pale Ufaransa ilipokuwa kabla ya 1848, yaani kwa kumpima mtu kwanza. Mwaka 1955 Walter Coutts alitoa taarifa juu ya namna Waafrika wa Kenya watakavyochagua wajumbe wao. Haki ya kura ilitegemea elimu, mali, mapato au utumishi, na aliyekuwa na sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu, huku jirani yake asiye na sifa hizo hana hata moja. Kwa utaratibu huo, mwezi Machi 1957, Masinde Muliro alishinda kiti cha Nyanza Kaskazini, naye W. W. W. Awori akawa miongoni mwa walioshindwa.

Upande wa Uganda, uchaguzi wa moja kwa moja wa wajumbe wa Kiafrika ulifanyika mwaka 1958, nao pia kwa masharti. Wakati huo Tororo na Busia zilikuwa katika wilaya ya Bukedi. Januari 1960 wilaya hiyo ilikumbwa na ghasia kubwa. Wananchi walilalamikia kodi na jinsi machifu walivyoikadiria. Malalamiko hayo yalikuwa na mzizi: kila mwanamume mzima alidaiwa kodi, lakini wengi hawakuwa na njia ya kumwondoa aliyewakadiria. Mwaka 1961 masharti ya kura yalilegezwa sana, na Aprili 1962 watu wazima wote, wanaume kwa wanawake, walipewa haki ya kupiga kura. Kenya ilifuata Mei 1963. Ajabu ya historia ni kwamba Gavana wa mwisho wa Uganda alikuwa yule yule Coutts aliyeandika taarifa ya kura tatu.

Baada ya kura, ikaja jamhuri. Kenya ilikuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Uganda ilipita njia ngumu zaidi. Februari 1966 Waziri Mkuu Milton Obote aliisimamisha katiba ya uhuru. Aprili mwaka huo wabunge walipitisha katiba nyingine ambayo hawakuwa wameisoma, wakiambiwa kwamba nakala zao watazikuta katika visanduku vyao vya barua. Mwezi wa Mei jeshi likashambulia jumba la Kabaka. Tarehe 8 Septemba 1967 Uganda ikatangazwa jamhuri kwa katiba iliyojadiliwa na wabunge wa 1962, bila wananchi kurudishwa kwenye sanduku la kura. Januari 1971 jeshi likachukua serikali.

Hesabu yenyewe inasikitisha. Kijana wa Tororo aliyetimiza miaka 21 mwezi Mei 1962, uchaguzi ukiwa umepita tu, aliweza kumchagua mbunge kwa mara ya kwanza Desemba 1980, akiwa na umri wa miaka 39. Hata hapo, kabla matokeo hayajatolewa, Paulo Muwanga, aliyeongoza Tume ya Kijeshi, alijitwalia mamlaka ya kuyatangaza peke yake. Wengi hawakuyaamini matokeo hayo, na miezi miwili baadaye vita vikaanza.

Jaribio lililofuata lilianza kwa kusikiliza. Tume ya Katiba, iliyoongozwa na Jaji Benjamin Odoki, mzaliwa wa upande huu wa Busia, ilianza kazi mwaka 1989, ikapokea maandishi ya maoni zaidi ya 25,000. Mwaka 1994 wananchi walichagua Bunge la Katiba, lililokuwa na mjumbe mwanamke kutoka kila wilaya, na wajumbe 10 wa jeshi. Katiba ilitangazwa tarehe 8 Oktoba 1995. Ng'ambo ya mto, Wakenya waliikataa rasimu moja kwa kura ya maoni mwaka 2005, wakaikubali nyingine mwezi Agosti 2010.

Kutungwa kwa katiba si mwisho wa kazi. Katika Uganda, kikomo cha mihula miwili ya Rais kiliondolewa mwaka 2005, na kikomo cha umri wa miaka 75 mwaka 2017. Mabadiliko yote mawili yalipitishwa na Bunge. Kwa hiyo anayemchagua mbunge yampasa kujua kwamba anamkabidhi pia kalamu ya kuandika upya katiba.

Kwa nyumba za askari jambo hili lina uzito wa pekee. Ufaransa iliwanyima wanajeshi wake kura kuanzia 1872 hadi 1945, ikihofu siasa kambini. Katiba ya Uganda ilichagua njia nyingine. Mwanajeshi ana kura moja kama mkulima na mchuuzi wa Malaba, lakini Ibara ya 208 yasema kwamba jeshi halitakuwa la chama chochote, tena litakuwa chini ya mamlaka ya raia. Askari hupiga kura kama mwananchi. Akisha kuvaa sare na kushika lindo, huilinda kura ya kila mtu, hata ya yule asiyekubaliana naye.

Mwaka 1851 na mwaka 1966 amri ilitoka juu, nao waliotumwa kuitekeleza walikuwa vijana wenye mama, wake na watoto. Katiba ambayo askari hajaisoma hawezi kujua lini anaagizwa kuivunja. Nakala moja ya katiba, ikisomwa kwa sauti jioni mbele ya mke na watoto, ibara mbili au tatu kwa siku, yaweza kumalizika kabla ya mwaka kwisha.