Kabla ununue taa ya bafu
Wewe wa bedsita, hebu inua macho ukiwa bafuni. Kama balbu inaning'inia uchi kwenye holda, karibu na shawa ya moto, umeoga chini ya mtego. Mvuke huingia mle ndani, na maji na stima haviivi chungu kimoja. Dukani, achana kwanza na zile za kumetameta ulizoona TikTok. Itisha taa iliyofunikwa, yenye alama ya IP44 kwenda juu. Ile 4 ya mwisho ndiyo inasema haiogopi kurushiwa maji. LED ya wati 9 inatosha kabisa, bafu lenyewe si uwanja. Swichi ikae nje ya mlango. Kuifunga ni kazi ya fundi wa stima, si keateka na bisibisi yake. Landilodi akikwambia ujilipie, muulize kodi inalipia nini.