Mfalme Seremala na Somo la Historia

Wafundishapo habari za Peter wa Kwanza, mfalme wa Urusi, walimu wengi hushikilia kisa kimoja: mfalme aliyeficha cheo chake, akavaa nguo za fundi na kushika shoka mjini Zaandam, Uholanzi, mwaka 1697. Kisa ni cha kweli, na watoto hukifurahia. Hata hivyo, sisi twaona kwamba mwalimu akomeaye hapo amesimulia hadithi tu. Historia bado hajaifundisha.

Urusi haikuanza kujifunza kwa Waholanzi siku hiyo. Mwaka 1632 mfanyabiashara wa Kiholanzi, Andries Winius, alipata kibali cha kujenga kiwanda cha chuma karibu na Tula, na humo ikatengenezwa mizinga ya jeshi la Urusi. Huko Zaandam kwenyewe Peter alikaa wiki moja tu, maana watu walimtambua wakamsonga. Kazi hasa aliifanya Amsterdam, kwa muda wa miezi minne hivi, katika kiwanda cha merikebu cha Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, ile ile iliyoanzisha kituo chake kwenye Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652.

Hapo pana jambo lituhusulo sisi walimu kuliko mengine yote. Mafundi wale waliunda merikebu kwa jicho na mazoea. Walipoulizwa kanuni za vipimo na michoro, hawakuweza kuzieleza. Peter hakuridhika. Mwanzoni mwa 1698 akavuka kwenda Uingereza kuzitafuta. Mwanachuo aliyepata kuambiwa "fanya kama nifanyavyo" wakati wa mazoezi ya kufundisha atamwelewa upesi.

Alama za ujuzi ule zimo katika lugha. Warusi humwita baharia *matros*, bandari *gavan*, na kiwanda cha merikebu *verf*. Yote yametoka kwa Waholanzi. Mwalimu na ayaandike ubaoni, kisha aweke kando yake *bendera* na *meza*, tulizopata kwa Wareno, na *shule*, tuliyopata kwa Wajerumani. Wanafunzi waulizwe: neno geni huingia pamoja na kitu gani, na kwa njia gani? Swali hilo lina faida kuliko tarehe kumi za kukaririwa.

Tena hatuna budi kuuliza nani alilipa gharama. Uholanzi ilikuwa jamhuri iliyoongozwa na matajiri wa biashara, na mafundi wa viwanda vyake walipata ujira. Urusi ilichukua merikebu, ikaacha desturi hiyo. Mji wa St Petersburg, ulioanzishwa mwaka 1703, ulijengwa na maelfu ya wakulima waliolazimishwa kwenda huko mwaka hata mwaka, nao wengi walikufa kwa maradhi na taabu katika matope yale. Mwaka 1724 ikaanza kukusanywa kodi ya kichwa kwa ajili ya jeshi. Vita dhidi ya Uswidi vilipokwisha mwaka 1721, Peter alipewa jina la Kaisari; wakulima walibaki mali ya mabwana zao hadi 1861.

Kama darasa halina ramani, mwalimu achore mwenyewe. Aonyeshe jinsi merikebu za Kiholanzi zilivyozunguka kaskazini mpaka Arkhangelsk, bandari iliyokuwa ikifungwa na barafu miezi mingi ya mwaka, kisha aonyeshe Bahari ya Baltiki ilivyo karibu. Halafu watoto wenyewe waseme kwa nini mfalme yule aliitaka pwani ile, na mkulima aliyepelekwa huko angesema nini.