Fanani Hayumo Darasani

Katika miaka yangu ya ukufunzi, na baadaye ya ukuu wa chuo cha ualimu, nimesahihisha rundo la karatasi zenye jibu moja: kwamba Mulokozi, mwaka 1989, amezigawa tanzu za fasihi simulizi katika mafungu sita. Mwanachuo aliyeyataja yote, yaani mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi simulizi, semi na ngomezi, alipata alama zake kamili. Aliyesahau ngomezi nilimkata. Leo, nikiwa nimekwisha kuvuka miaka sabini na sina tena cheo cha kulinda, nasema wazi kwamba ile haikuwa kufundisha fasihi. Ilikuwa ni kuhesabu magunia bila kuuliza ndani yake mna nini.

Ndugu msomaji, huyo Mulokozi tuliyemgeuza kuwa jibu la mtihani ni nani hasa? Mugyabuso Mulokozi ni mwana wa Kagera, mkoa wetu huu. Mwaka 1976 yeye na Kulikoyela Kahigi walitoa diwani ya *Malenga wa Bara*, wakachokoza ugomvi mkubwa kuhusu vina na mizani. Mwaka 1979 ikatoka tamthiliya yake ya *Mukwava wa Uhehe*. Miaka ya tisini akawaandikia vijana hadithi za *Ngome ya Mianzi*, *Ngoma ya Mianzi* na *Moto wa Mianzi*. Mwaka 2002 alihariri barua za Shaaban Robert zikawa kitabu. Mtu mmoja, kazi tano: mshairi, mtunzi wa tamthiliya, msimulizi, mhariri na mtafiti. Mitaala yetu humkatakata vipande, kila kipande kikaenda kwenye mada yake, kana kwamba ni watu watano wasiojuana.

Mimi nashikilia kwamba kazi hizo zote zina mzizi mmoja, nao ni nanga.

Sisemi nanga ya meli. Nasema kile chombo cha gogo lililochongwa shimo kama mtumbwi mdogo, likafungwa nyuzi, mzee akalipakata na kughani habari za Rukiza au Kachwenyanja usiku kucha. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, mtaalamu mkubwa wa fasihi simulizi ya Afrika, aliandika kitabu kilichotilia shaka kama Afrika ina utendi wa kweli. Mulokozi hakumjibu kwa hasira. Alirudi nyumbani, akakaa na wapiga nanga wa Kihaya, akawasikiliza, akarekodi, akaandika. Mwaka 1986 utafiti huo ulimpa shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpiga nanga alikuwa shahidi wake, na shahidi huyo alitosha.

Sasa mtazame mpiga nanga kazini. Anaimba, anasimulia, anaigiza sauti ya mfalme na ya mama mzaa chema, anapiga muziki, anatunza historia. Kazi zile tano anazifanya kwa pamoja, akiwa ameketi. Ndiyo maana Mulokozi alifundisha kwamba fasihi simulizi ni tukio, lenye fanani, hadhira, mahali na wakati wake. Nasi tukafanya nini? Tukayachukua maneno hayo, tukayaandika ubaoni, tukawakaririsha wanachuo wa Karagwe na Kyerwa ambao hawajapata kumwona fanani hata mmoja, ilhali wazee walikuwa nyuma ya migomba, mwendo wa nusu saa kutoka darasani.

Nisiwasute wengine nikajisahau. Mwaka mmoja wa tisini na kitu, siku ya mahafali, tulimwalika mzee mmoja mpiga nanga wa kijiji cha jirani. Alifika asubuhi, akangoja chini ya mti hadi saa nane mchana. Ratiba ilimpa dakika 10, kati ya risala na hotuba ya mgeni rasmi. Ndiyo kwanza shujaa wake alikuwa anaagana na mama yake, nikaona mgeni rasmi anatazama saa. Nikamtuma mwalimu wa zamu akamguse mzee bega. Vidole vikasimama. Wakati wa chakula mzee alinijia, akaniuliza kwa Kinyambo: "Mwalimu, sasa yule mtu niliyemwacha njiani atafikaje?" Nilicheka, nikidhani ni utani. Baada ya miaka miwili nikasikia amefariki. Hatukuwa tumemrekodi. Shujaa yule yuko njiani hadi leo, na aliyemkwamisha ni mimi.

Wapo watakaosema muda hautoshi, maana mtihani hauna swali la nanga. Huko ni kuliweka gari mbele ya ng'ombe. Mtihani unatungwa na walimu, na walimu wanatoka vyuoni. Tusipoanza sisi, nani ataanza?

Wapo pia watakaosema nanga na Kinyambo ni kuchochea ukabila. Hoja hii niliitumia mwenyewe kumpa adhabu mwanafunzi aliyeongea lugha ya mama yake. Lakini tazama: huyu mtu aliyelelewa na masimulizi ya Kagera, alipoandika tamthiliya alimwandika Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyewapiga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891 na kupambana nao hadi kifo chake mwaka 1898. Tena aliandika kwa Kiswahili, ili Mmakonde na Msukuma wasome. Aliyejua thamani ya cha kwao ndiye aliyeheshimu cha mwenzake. Asiyejua cha kwao ataheshimu nini?

Na sisi wa huku tuna deni kubwa zaidi. Mwaka 1861 Speke na Grant walipokewa Karagwe na Omukama Rumanyika. Hadi leo, mwalimu akitaka kumweleza mtoto habari za Rumanyika, hukimbilia kitabu cha Speke. Mgeni wa wiki chache ndiye amekuwa mzee wetu wa kikao! Mtoto wa Nyakahanga au Nkwenda atatungaje tamthiliya juu ya Bweranyange, ikiwa masimulizi yenyewe tumeyaacha yazikwe na wenyewe?

Sidai jumba la maonyesho wala fedha za wafadhili. Nadai jambo moja. Kila mwanachuo wa ualimu anayekwenda mazoezini katika wilaya hizi mbili amtafute mzee mmoja, amrekodi kwa simu yake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, aandike jina, kijiji na tarehe, kisha asahihishiwe kazi hiyo kama somo. Yale mafungu sita atayaelewa bila kukariri.

Na mzee akianza kusimulia, mwalimu asitazame saa.