Kanuni za Nidhamu Vyuoni na Lugha ya Anayeadhibiwa

Kila mwaka, wanafunzi wapya wanapojiunga na vyuo vikuu nchini Kenya, hupitia foleni ndefu ya usajili. Katika meza moja hukabidhi vyeti, katika nyingine hupigwa picha ya kitambulisho, katika ya tatu hutafutiwa chumba bwenini. Baina ya meza hizo kuna karatasi moja isiyomchukua mtu hata dakika: fomu ya kukiri kwamba mwanafunzi amezisoma kanuni za mwenendo na nidhamu za chuo, amezielewa na ameahidi kuzifuata. Kanuni zenyewe huenda zimo katika kijitabu ambacho hajakifungua, au katika tovuti ambayo bado hajui kuifikia. Nyuma yake foleni inasukuma. Kando yake mzazi ameshikilia godoro akiwazia gari la kumrudisha nyumbani. Mwanafunzi hutia sahihi. Waama, ni nani katika hali ile angesoma vifungu na vijifungu kurasa kwa kurasa?

Sahihi hiyo hulala katika faili. Siku mwanafunzi anapoitwa mbele ya kamati ya nidhamu, awe ametuhumiwa kwa udanganyifu katika mtihani, kwa vurugu au kwa kumlaza mgeni bwenini, hutolewa kuonyesha kwamba alijua alichokuwa akikiuka. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha katika idara za Kiswahili ni hili: alijua kwa lugha gani? Kanuni hizi aghalabu huandikwa kwa Kiingereza peke yake, tena Kiingereza cha mawakili. Barua ya wito huwa ya Kiingereza, kikao huendeshwa kwa Kiingereza, na barua ya hukumu humfikia mzazi, ambaye pengine ndiye atakayeuza ng'ombe ili rufani ikatwe, ikiwa ya Kiingereza vilevile. Katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, jambo hili si dogo. Chuo kisichomwambia mwanafunzi sheria yake kwa lugha hiyo hakijatimiza wajibu wake kabla ya kumwadhibu.

Inafaa kulitazama neno lenyewe. Nidhamu limetoka katika Kiarabu, kwenye shina lenye maana ya kupanga vitu kwa utaratibu, kama lulu zinavyopangwa katika uzi. Ni shina lilelile lililokipa Kiswahili kitenzi nadhimu, yaani kutunga mashairi. Kiswahili nacho kina kitenzi chake cha asili kinachofanya kazi zote mbili, kwani mtu hutunga shanga na mtu hutunga shairi. Kwa asili yake, basi, nidhamu ni mpango ambao kila kipande kina mahali pake na sababu ya kuwa pale. Ni katika matumizi ya kila siku ndipo adabu na adhabu zilipokaribiana mno. Anayesema kwamba fulani "alitiwa adabu" hamaanishi kuwa alifundishwa kuwaamkia wakubwa. Amaanisha kuwa alichapwa. Maneno hayo mawili hayana undugu wa shina, ingawa masikio ya waliopitia shule za bweni huenda yasikubali.

Fasihi ya Kiswahili ina kielelezo cha kale cha kanuni za mwenendo zilizotungwa kwa maana ile ya kwanza. Mwana Kupona binti Msham, katika utendi alioutunga mnamo 1858 akiwa mgonjwa, anamwita bintiye aje karibu na wino na karatasi, kisha anampa wasia. Maudhui ya wasia huo yamehojiwa sana, na kwa haki: utiifu ambao mke anatakiwa kumwonyesha mumewe umewakera wahakiki wengi, wa kike kwa wa kiume. Hata hivyo, namna ya utoaji wake ina la kuwafunza waandishi wa kanuni. Anayefundwa anajulikana ni nani. Anaambiwa kwa lugha ya nyumbani mwao, anaelezwa faida ya anachoagizwa, naye ameketi karibu kiasi cha kuweza kuuliza. Kijitabu cha chuo humtaja mwanafunzi kwa umbali, kana kwamba ni mtu aliyekwisha kukamatwa.

Umbali huo una historia yake. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na wanafunzi wakatakiwa kuripoti kwa machifu wa maeneo yao. Mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, Titus Adungosi, alihukumiwa kifungo cha miaka 10, akafia gerezani mwaka wa 1988. Mwaka wa 1987 chama hicho, SONU, kilipigwa marufuku. Rais wa nchi ndiye aliyekuwa mkuu wa vyuo vikuu vya umma, hivyo nidhamu ya chuo na usalama wa serikali vilisukwa kwa ukili mmoja. Desturi zilizokomaa wakati huo ziliudumu utawala wenyewe na kuupita: kufunga chuo kizima kwa kosa la wachache, kuwapa wanafunzi saa chache waondoke mabwenini, kisha kuwarejesha baada ya kutia sahihi ahadi ya tabia njema na kulipia uharibifu ambao wengi wao hata hawakuuona kwa macho.

Sheria imepiga hatua kuliko desturi. Mwaka wa 1990, katika kesi ya wanafunzi watano dhidi ya chuo cha Egerton, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba mahakama hazina hamu ya kuendesha vyuo vikuu, lakini zitaingilia kati iwapo ni wazi kuwa uamuzi umetolewa bila mhusika kusikilizwa kwa haki. Baadaye kifungu cha 47 cha Katiba kikampa kila mtu haki ya hatua ya kiutawala iliyo halali, ya busara na yenye utaratibu wa haki, pamoja na haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale anapoathirika. Sheria ya mwaka wa 2015 iliyotungwa kutekeleza kifungu hicho inataja ilani ya mapema, nafasi ya kujieleza, kuwahoji wanaotoa ushahidi dhidi ya mtu, na kujulishwa haki ya kukata rufani. Kifungu cha 50 nacho kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani ambaye hatamlipia. Ni kweli kwamba haki hiyo ya mkalimani inahusu kesi za jinai na haivitaji vikao vya vyuo. Lakini ni ajabu kwamba aliyeshtakiwa kwa kuiba kuku ana uhakika wa lugha kuliko anayekabiliwa na kupoteza shahada ya miaka minne.

Watetezi wa hali ilivyo husema kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu anajua Kiingereza; ndicho alichosomea tangu shule ya msingi. Hoja hii ina uzito kidogo, wala haifai kubezwa. Hata hivyo, Kiingereza cha kuandikia tasnifu hakimtoshi mtu wakati wa kujitetea. Aliye mbele ya wahadhiri saba walioketi nyuma ya meza ndefu, akieleza alikuwa wapi usiku wa fujo na kwa nini, anahitaji lugha ambayo anaweza kutetemeka nayo bila kukosea alichokusudia. Fauka ya hayo, yuko mzazi. Yeye hakusomea Kiingereza popote, na barua ya chuo husomewa na jirani au mwalimu wa kijiji, siri ya nyumba ikatoka kabla mwenye nyumba hajaielewa.

Manufaa ya tafsiri hayaishii kwa mwanafunzi na mzazi. Tafsiri hulazimisha kanuni iseme inachomaanisha. Mathalan, kanuni za mitihani hukataza mtahiniwa kuwa na vifaa visivyoruhusiwa. Neno la Kiingereza linalotumiwa hapo hujumlisha kumiliki kitu, kukishika, na kuwa nacho tu mahali ulipo. Mfasiri mzembe ataandika "kumiliki", na papo hapo mjanja mmoja atajitetea kwamba simu aliyopatikana nayo ni ya dadake, yeye hamiliki yoyote. Mfasiri makini atalazimika kurudi kwa msajili na kumuuliza: kosa ni kuingia na simu, ni kuiwasha, au ni kuisoma? Simu iliyozimwa na kusahaulika mkobani iko wapi katika orodha hiyo? Jibu likipatikana litawafaa hata wanaosoma nakala ya Kiingereza. Wanafunzi wenyewe wana neno lao la karatasi ya kuibia mtihani, mwakenya, linalohusishwa na vikaratasi vya siri vya vuguvugu la Mwakenya lililosakwa na serikali katika miaka ya 1980. Kila mtahiniwa anajua mwakenya ni nini. Ni wachache wanaoweza kueleza kifaa kisichoruhusiwa kinaanzia wapi na kuishia wapi.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Katika Kiswahili cha Kenya mtoto "hufukuzwa" shuleni kwa kukosa karo akarejea Jumatatu. "Hufukuzwa" wiki mbili ili amlete mzazi. Na "hufukuzwa" asirudi tena. Mama anayepigiwa simu kuambiwa mwanawe amefukuzwa chuoni hajui kama alie au atafute nauli. Hapa pana kazi ya istilahi inayowasubiri wanafunzi wa isimu: kusimamishwa masomo kwa muda uliotajwa kutengwe na kuachishwa masomo kabisa, na yote mawili yatengwe na kuondolewa bwenini, ambako hakumnyimi mtu darasa. Vivyo hivyo, pana tofauti kubwa kati ya "ataachishwa masomo" na "anaweza kuachishwa masomo". Sentensi ya kwanza imemfunga mikono hata mwenyekiti wa kamati. Ya pili imemwachia nafasi ya huruma, na pengine ya upendeleo. Mwanafunzi anastahili kujua ni ipi inayomhusu.

Itaulizwa: nakala mbili zikigongana, itafuatwa ipi? Katiba yenyewe imelijibu swali hilo katika kifungu cha 259, kwamba matini za lugha mbalimbali zikihitilafiana, ya Kiingereza ndiyo yenye nguvu. Mpenzi wa Kiswahili atakunja uso, na ana haki ya kufanya hivyo. Lakini kifungu hicho kinaonyesha kwamba hofu ya mgongano haikuwazuia waandishi wa Katiba kukubali kwamba matini yake itakuwako katika lugha zaidi ya moja. Bunge la Taifa nalo lilizindua Kanuni zake za Kudumu kwa Kiswahili mwaka wa 2019, na hizo ni ngumu kuliko kanuni yoyote inayokataza kupika chumbani kwa jiko la umeme. Kama wabunge wana kanuni za kuwaamuru waketi kwa Kiswahili, chuo chenye idara nzima ya lugha hiyo kina udhuru gani?

Nusu ya lawama, hata hivyo, imo mikononi mwa wanakiswahili wenyewe. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai, mwezi Novemba 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kampasi nyingi hupambwa kwa mabango, mashairi hughanwa, na wageni rasmi husifu utajiri wa lugha. Tarehe 8 Julai barua za nidhamu huendelea kuandikwa kama zilivyoandikwa tarehe 6, na hakuna chama cha Kiswahili kinachouliza. Wanafunzi wa kozi za tafsiri hukabidhiwa matini za mazoezi ambazo hutupwa baada ya kusahihishwa, ilhali matini inayoweza kukatiza masomo yao iko hatua chache kutoka darasani, katika ofisi ya mkuu wa wanafunzi.

Kuna hatari nyingine isiyofaa kufichwa. Wanakiswahili wakikabidhiwa kazi hii wanaweza kuonea fahari maneno adimu ya kamusi wakazalisha matini iliyofungwa kuliko ile ya Kiingereza. Kifungu kinachomtaka "mtuhumiwa awasilishe utetezi kimaandishi ndani ya siku kumi na nne" kinatosha. Hakihitaji kuvishwa kanzu. Rasimu ingefaa isomewe wanafunzi wa uhandisi na wa kilimo kabla ya kupitishwa na seneti, na pale wanapokwama, kifungu kiandikwe upya.

Si lazima kijitabu kizima kitafsiriwe kwa mwaka mmoja. Barua ya wito na barua ya uamuzi zingeweza kutangulia, kwa kuwa ni fupi na ndizo zinazofika nyumbani. Sehemu ya mitihani ingefuata, kwani humhusu kila mwanafunzi, mtundu na mtulivu. Katika fomu ya wito uongezwe mstari mmoja unaomuuliza anayeitwa angependa kusikilizwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na katibu wa kamati anukuu majibu kwa lugha iliyochaguliwa. Rasimu ya barua hizo mbili ni kazi ya muhula mmoja kwa darasa la tafsiri, na chama cha Kiswahili kinaweza kuipeleka kwa mkuu wa wanafunzi kabla ya kundi lijalo la wanafunzi wapya kupanga foleni.