Maji ya ziwa yakiwa ya kijani, kuchemsha hakutoshi

Musoma na Bunda zinakunywa maji ya Ziwa Victoria, na kwa mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama maji hayohayo yanapanda hadi Butiama. Kwa hiyo kinachoota ziwani ni suala la afya ya kila nyumba. Jua likiwaka na upepo ukatulia, utando wa kijani mzito kama rangi ya mafuta hujikusanya ufukweni. Wengi huuita mwani, ingawa mara nyingi ni bakteria wa jamii ya sianobakteria, na baadhi yao hutengeneza sumu iitwayo mikrosistini. Naamini mamlaka za maji mkoani Mara zinapaswa kuipima sumu hii mara kwa mara na kutangaza matokeo, kwa sababu kinga tuliyozoea, yaani kuchemsha, haiiondoi.

Sababu iko kwenye umbo lake. Mikrosistini ni peptidi. Peptidi ya kawaida ni mnyororo mfupi wa amino asidi, na vimeng'enya vya tumboni huumega, vingine vikianzia kwenye ncha. Hii haina ncha: amino asidi zake 7 zimefungwa kuwa duara, na baadhi ni za aina ambayo vimeng'enya vyetu haviitambui. Moto wa jikoni hauvunji duara hilo. Kibaya zaidi, kuchemsha hupasua seli za bakteria na kumwaga ndani ya maji sumu iliyokuwa imefungiwa humo. Ikishanywewa, sumu hupitia damuni hadi kwenye ini, huzuia protini zinazodhibiti kazi za seli, na seli husambaratika.

Madhara yake yameonekana. Mwaka 1996 huko Caruaru, Brazil, zaidi ya wagonjwa 50 waliokuwa wakisafishwa damu walikufa baada ya maji yenye sumu hii kutumika kwenye mashine. Agosti 2014 wakazi zaidi ya laki nne wa Toledo, Marekani, walikatazwa kunywa maji ya bomba na wakaonywa wasiyachemshe. Hapa kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta mikrosistini katika Ghuba ya Mwanza. Ziwa ni hilohilo.

Wapo watakaosema wazee wetu waliyanywa maji haya na wakazeeka. Ni kweli, lakini ziwa la wakati wao halikupokea naitrojeni na fosforasi nyingi kiasi hiki kutoka mashambani, kwenye maji taka na kwenye mazizi. Machi 2022, Mto Mara ulipogeuka mweusi na samaki wakafa, kamati ya serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo. Wengi walibisha, lakini hakuna anayebisha kwamba samadi hurutubisha maji kama inavyorutubisha shamba. Wengine watasema kipindupindu ndicho adui wa kwanza. Nakubali, na kwa ajili yake tuendelee kuchemsha. Ila anayechemsha maji ya kijani anaua vijidudu na kubaki na sumu. Klorini huweza kuiharibu, mradi iwe ya kutosha na ipewe muda, na seli ziwe zimechujwa kwanza. Kuhusu gharama, kazi huanza na darubini na mtu anayejua kuhesabu seli. Sampuli zinakwenda maabara pale idadi inapopanda. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa ya kila siku, kwa hiyo kipo cha kulinganishia.

Nawahofia zaidi wanaochota kwa ndoo moja kwa moja, na ng'ombe wanaonywea palepale. Hao hawana mtambo wa kuwachujia. Ubao kwenye kila mwalo, kuanzia Makoko hadi Mugango, unaosema leo msichote hapa, choteni mbali na utando au kwenye kisima cha mchangani, ungewafikia kabla ya ripoti yoyote ya maabara.