KAZI ZA MIKONO: Tengeneza Mshipi Wako wa Kuvulia

Huku Gairo mvua ni chache. Lakini penye bwawa au mto wenye samaki, kitoweo hupatikana. Unaweza kuvua perege na kambare kwa mshipi uliotengeneza mwenyewe.

Tafuta ndoana, uzi wa nailoni, mwanzi, kijiwe na bua kavu la mtama.

1. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoana. Zungusha ncha yake mara 5 juu ya uzi wenyewe. Kisha ipitishe katika kitanzi kilicho karibu na tundu. Lowanisha kwa mate, kaza polepole. Uzi ukikazwa mkavu hukatika upesi.
2. Funga kijiwe shubiri moja juu ya ndoana. Kijiwe hiki huitwa chubwi.
3. Juu zaidi funga kipande cha bua. Hilo ni boya. Boya likizama, vuta!
4. Funga mwisho wa uzi kwenye mwanzi.

Perege anataka ndoana ndogo na nyungunyungu. Kambare anataka ndoana kubwa, bila boya, chambo kilale chini. Mvue jioni. Jihadhari na miiba ya mapezi yake.

Simama pakavu, maana maji yaliyotuama yanaweza kuwa na kichocho. Kamwe usivue kwa sumu. Sumu huua hata samaki wachanga, na watu hunywa maji hayo. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza.

Swali: Kwa nini tunalowanisha fundo kabla ya kulikaza?