*KICHOCHO: MSITUKATAZE MTO, TUPENI MAJI NA VYOO*

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE, KILEMA*



Yapo maneno yanazunguka hapa kwetu: kichocho ni ugonjwa wa watu wa tambarare, sisi wa mlimani unatuhusu nini? Tawi linajibu: anayesema hivyo hajahesabu watoto wake wako wapi.

Ni kweli, konokono wa kichocho hupenda maji ya uvuguvugu yanayotembea polepole, si maji baridi ya mifongo yetu. Lakini vihamba vimegawanywa mpaka vimekwisha. Vijana wetu wamepanga vyumba Njoro na Pasua, mjini Moshi. Wengine wanalima mpunga Mabogini na Chekereni, kwenye mifereji iliyojengwa miaka ya 1980 kwa mkopo wa Japani. Wengine wako kwenye miwa Arusha Chini. Desemba wanapanda nyumbani wakiumwa tumbo na kuhara damu, nasi tunawaambia wamelogwa.

Ugonjwa huu si mgeni. Kule Arusha Chini, tangu miaka ya 1960 wataalamu walikuwa wakitia dawa ya kuua konokono kwenye mifereji ya shamba la miwa. Zaidi ya nusu karne imepita. Leo Tanzania inatajwa kuwa ya pili Afrika, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa kichocho. Ujuzi ulikuwepo. Fedha ndizo zilizopelekwa kwingine.

*Kila mwanachama aelewe hili:* mayai ya minyoo hutoka kwenye kinyesi au mkojo wa mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, vimelea huingia ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, hata kama haoni jeraha. Kuchemsha maji ya kunywa pekee hakumkingi anayefua au kulima humo. Kichocho cha tumbo huharibu ini na bandama hadi mtu atapike damu. Kile cha mkojo huweza kuleta saratani ya kibofu, na kwa wanawake huacha vidonda ukeni ambavyo watu huvidhania zinaa. Dada zetu wananyamaza kwa aibu isiyo yao.

Kila mwaka tunaambiwa: "Msiingie mtoni." Maneno mazuri kwa mwenye bomba ndani ya nyumba! Mpangaji anayenunua maji kwa ndoo atafua wapi nguo za watoto watano? Mkulima wa mpunga atapandikiza miche akiwa amesimama wapi? Elimu isiyofuatwa na bomba ni kumlaumu mgonjwa.

Vidonge tunaviunga mkono. Siku ya kumeza dawa shuleni, kila mzazi apeleke mtoto, na ampe chakula kwanza. Lakini dawa huua minyoo iliyomo mwilini. Haizuii mipya kesho yake. Tena mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba penye maambukizi mengi watu wazima nao wapewe, na watoto kuanzia miaka 2. Bodaboda na mama lishe wa Pasua hawamo kwenye rejista ya shule. Nani atawafikia?

*Kwa hiyo Tawi linadai:*
1. Bajeti za Halmashauri zionyeshe wazi fedha za vioski vya maji na vyoo kwenye mitaa iliyojengwa bila kupimwa.
2. Vidonge viwafikie watu wazima wa mashamba ya mpunga na mitaa hiyo.
3. Zahanati ziwe na uwezo wa kupima choo na mkojo, mgonjwa asikisiwe.

*Na kwetu wenyewe:* sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi 3. Tuhudhurie, hoja hii iingie kwenye muhtasari, na diwani ajibu mbele yetu. Kila mwanachama apigie simu mtoto wake aliye Moshi au tambarare, amwambie akapime. Na mwenye choo kinachotiririkia mfongo akizibe wiki hii, maana maji yetu ndiyo wanayoyatumia wenzetu kule chini.

Dunia imejiwekea mwaka 2030 kichocho kiache kuwa tishio kwa afya ya jamii. Viongozi wetu wamekubali lengo hilo. Tuwadai.

Mtumie mwanachama mwenzako.

_Imetolewa na Kamati ya Tawi, Kilema._